Kimkeka cha silikoni cha kuoshea brashi: kwa fondesheni nakisifu, kwa poda nakiweka kando

Kupamba watu ndiyo kazi yangu, na kuosha brashi ni ile sehemu ya kazi isiyopigwa picha. Kabla ya kununua kimkeka hiki nilikuwa naoshea kiganjani, miaka na miaka, kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayekitumia usiku akiwa amechoka, sinki limejaa brashi na kesho asubuhi kuna bibi harusi anasubiri.

Kwa asiyekijua: ni kipande cha silikoni laini kinacholala ndani ya sinki. Juu kina matuta na vinundu vya aina mbalimbali, chini kina vibakuli vidogo vya mpira vinavyojigandisha. Sehemu yenye matuta mapana yaliyoachana ni ya brashi kubwa za uso, na yenye vinundu vidogo vilivyokaribiana ni ya brashi za macho. Kuna pia vya umbo la yai vinavyovaliwa vidoleni, na kuna glovu nzima. Sigma Beauty wanatengeneza glovu na kimkeka vyote viwili. Cha umbo la yai nimewahi kukitumia na sikukipenda: mkono mmoja umeshika brashi, mwingine umevaa yai, na bado bomba linataka kufunguliwa. Kimkeka kinaachia mkono mmoja huru, na kwa mwenye brashi nyingi hilo si jambo dogo.

Sasa nije kwenye brashi ya fondesheni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikinunue. Nasema ile nene, iliyokatwa bapa juu, ya nywele za sintetiki zilizoshonana hata mwanga haupiti. Fondesheni ya maji au ya krimu huzama katikati yake na kukaa humo. Ukiioshea kiganjani, nywele zote hulala upande mmoja kwa pamoja na kuteleza juu ya ngozi. Nje inang'aa, povu jeupe, roho yako imetulia. Kisha unaibana kwa vidole karibu na shina na kahawia inachuruzika. Kiganja ni laini mno kwa kazi hiyo. Tuta la silikoni linaingia kati ya nywele na kuzitawanya, sabuni inafika katikati yake, na unaona kwa macho rangi ikitoka na kujaa kwenye mifereji kati ya matuta. Mifereji ikibaki na povu jeupe tu, brashi imetakata. Huko kuona ndiko ninakokulipia. Kiganjani nilikuwa nakisia.

Na ngozi yangu imepona. Sabuni ya kuondoa mafuta ikisuguliwa kiganjani usiku baada ya usiku inakausha mpaka mkono unakwaruza uso wa mteja. Nani anataka kuguswa shavu na mkono kama huo?

Lakini silikoni haioshi, inayoosha ni sabuni, na wauzaji wengi hawalisemi hili kwa sauti. Fondesheni isiyoondoka kwa maji, lipstiki ya kukaa siku nzima na wanja wa krimu vina mafuta na nta ndani yake, na shampuu ya mtoto peke yake inavibembeleza tu. Kwa hivyo mimi huweka tone la sabuni ya vyombo kwenye matuta, wakati mwingine naanza na mafuta kidogo ya kula kulainisha kilichoganda, kisha sabuni juu yake. Brashi za poda na za kivuli cha macho hazihitaji ukali huo. Shampuu laini inazitosha. Sabuni ya kipande nayo inafaa: unazungusha ncha ya brashi juu yake, kisha unaihamishia kwenye matuta.

Namna ya kusugua ina maana kuliko kimkeka chenyewe. Brashi hushikwa ncha ikitazama chini, maji ya uvuguvugu, mizunguko midogo, mkono mwepesi. Watu wanakandamiza mpaka nywele zinapinda na kile chuma kinachobana nywele kinagonga silikoni. Ukiona nywele zimetanuka pande zote kama ufagio uliochoka, umekandamiza. Matuta yanataka ncha tu, ile sehemu inayogusa uso. Chuma na mpini viachwe vikavu kadiri inavyowezekana, kwa kuwa ndani ya kile chuma ndimo ilimo gundi, na maji, hasa ya moto, huilegeza. Mpini wa mti ukinywa maji hutanuka, ukikauka husinyaa, na siku moja kichwa cha brashi kinabaki mkononi mwako na mpini unaanguka kwenye sinki. Kimkeka kina kosa lake hapa: ukikiweka ndani ya sinki na ukaziba tundu, maji yanajaa na brashi inazama mpaka shingoni. Mimi siliacha sinki lijae hata kidogo. Bomba linatiririka taratibu pembeni, nasugua, nasuuza, basi.

Tukija kwenye brashi za poda za manyoya halisi, ya mbuzi au ya kindi, ndipo ninapokiweka pembeni. Manyoya hayo ni nywele kama zetu: yana magamba madogo juu yake, yananyonya maji, yanavimba, na yakiwa yameloa hukatika kirahisi. Brashi kubwa ya poda ina manyoya marefu yaliyolegea, haina msongamano wa kufunguliwa na tuta lolote. Ukiipitisha kwenye matuta unapata manyoya yaliyonasa kwenye silikoni na brashi iliyopoteza umbo. Hizo bado naziosha kiganjani, kwa shampuu, na nazisuuza zikitazama chini. Poda yenyewe inatoka upesi, haikujishikiza na mafuta, kwa hiyo matuta hapo yanatafuta ugomvi usiokuwepo.

Brashi za macho ziko katikati. Ile bapa ya kupachika kivuli inapenda vinundu vidogo. Ile nene kidogo ya kusambaza, kama ni ya sintetiki, inapenda pia. Lakini brashi nyembamba ya kuchora wanja na ile iliyokatwa mshazari ya nyusi zinaharibika humo. Ncha yake ni nywele chache tu, zikijigawa kwenye vinundu hazirudi sawasawa, na mstari wa wanja unaanza kutoka mara mbili. Hizo nazibana kwa vidole viwili vyenye sabuni na kuvuta kuelekea nchani. Na sponji usiipeleke kabisa kwenye matuta, inachanika. Sponji hukamuliwa.

Kuhusu kujigandisha: vibakuli vya chini vinashika vizuri kwenye sinki la chuma au la kauri lililo laini, vikiwa vimeloweshwa kidogo na sinki likiwa halina utelezi wa sabuni. Kwenye saruji au vigae vyenye mikwaruzo havishiki, hewa inapita chini, kimkeka kinakufuata kila unapozungusha mkono. Ukiwa na sinki la namna hiyo, kigandishe ndani ya bakuli la kioo au beseni lililo laini. Vibakuli vikubwa vichache vinashika kuliko vidogo vingi. Kigeuze ukiangalie chini kabla ya kununua.

Pia kisafishe chenyewe. Silikoni hainyonyi maji, ndiyo raha yake, lakini mabaki ya fondesheni yanajificha kwenye pembe za matuta na kukaa pale mpaka safari ijayo. Mswaki wa zamani na sabuni unatosha, na kama ni silikoni ya kweli inastahimili maji ya moto kuliko brashi itakavyoweza. Kikikauka huvuta vumbi na nyuzi za taulo, hivyo kisuuze kwanza kila unapoanza, vinginevyo unaosha brashi kwa vumbi.

Wengine wataniuliza kwa nini nisipulizie spiriti tu nikaendelea. Napulizia, kati ya mteja na mteja, ile ya asilimia 70, kwa kuwa haikauki haraka kama iliyo kali zaidi na inapata muda wa kuua vijidudu. Ila spiriti juu ya brashi iliyoganda fondesheni inagusa uchafu wa juu, wa chini unabaki umejificha. Kuosha kunakuja kwanza. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, kinashauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10, na huo ni ushauri kwa mtu anayejipaka mwenyewe. Anayepaka nyuso za watu hana ruhusa ya kusubiri wiki. Rafiki yangu huniambia brashi zake ni zake peke yake, uchafu ni wa kwake. Sawa, dada, lakini na vipele vya shavuni ni vya kwako.

Baada ya kuosha, kimkeka hakina msaada. Brashi ikamuliwe kwa taulo, iundwe umbo kwa vidole, ilazwe kichwa kikiwa nje ya ukingo wa meza ili hewa ipite pande zote. Usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa imeloa, maji yatashuka yaleyale kwenye gundi. Hapa nina lawama moja: kwa sababu matuta hufikisha maji ndani kabisa, brashi nene inachelewa kukauka kuliko ilivyokuwa nikioshea kiganjani. Osha jioni kama unaihitaji asubuhi, na ukiibana shinani ukahisi ubaridi, bado.

Kama una brashi ya fondesheni moja na za poda mbili, usijisumbue, kiganja na uvumilivu vinatosha. Kama una za krimu na za maji kwa wingi, kinunue, na chagua cha rangi nyepesi. Vile vyeusi vinapendeza dukani, lakini juu yake huoni kama kinachotoka bado ni fondesheni au ni povu tupu. Changu ni cha kijivu hafifu, lipstiki nyekundu imekiachia doa upande mmoja na haling'oki, wala sihangaiki nalo.