Muhula wangu katika kozi ya kilimo cha usahihi

Nilijiunga na kozi hii ya chuo cha jamii, inayohusu kilimo kinachoongozwa na vipimo vya mashine, nikitarajia zaidi kurusha droni na kuendesha trekta inayojiongoza. Hayo tuliyapata, lakini ninaithamini kozi hasa kwa sababu ya majuma tuliyoyatumia kuhakikisha kwamba vipimo vya mashine ni vya kweli.

Kombaini, mashine ya kuvuna nafaka, ndiyo iliyonifungua macho. Kihisi chake cha mavuno hupokea msukumo wa punje zinazokigonga, kisha kompyuta hukadiria uzito kutokana na msukumo huo. Hakipimi uzito wenyewe. Mkufunzi alitutaka tuvune shehena kadhaa kwa mwendo tofauti, tuzipeleke zote kwenye mizani, na kuingiza uzito halisi katika mashine. Tena, punje huchukua sekunde kadhaa kusafiri kutoka kwenye visu hadi kwenye kihisi, na muda huo usiporekebishwa, ramani huonyesha mavuno mengi mahali ambapo hayakutoka. Nilipolinganisha ramani za shamba lile lile kabla na baada ya marekebisho, nilielewa jinsi mkulima anavyoweza kumwaga mbolea pasipohitaji huku akiamini kwamba anafuata sayansi.

Somo la GPS, mfumo wa kutambua mahali kwa setilaiti, lilifundishwa kwa uangalifu huo huo. Kipokezi cha kawaida huweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali mfumo wa RTK, unaopokea masahihisho kutoka kituo kilichosimikwa mahali panapojulikana, hupunguza kosa hilo hadi sentimita 2 au 3. Hata hivyo tulipima kwa utepe mahali antena ilipofungwa juu ya trekta, kwa sababu kipimo hicho kikiandikwa vibaya, mistari ya kupandia husogea kutoka mahali pake na usahihi wote unapotea.

Sikuridhika na sehemu ya picha za angani. Tulifundishwa kwamba NDVI, kipimo cha hali ya mimea kinachotokana na picha hizo, hulinganisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi unaoakisiwa na majani, lakini picha haisemi kama mmea umedhoofika kwa kukosa nitrojeni, kwa maji kutuama au kwa wadudu, na kwa muhula mzima tulishuka shambani mara moja tu kutafuta sababu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa. Anayefikiria kujiandikisha aulize kwanza saa ngapi zimetengwa kwa kazi ya shambani, na kama wanafunzi huchimba udongo wenyewe.