Nililipa ili nichekwe: semina ya mbinu za kusoma, Kampala

Muhula uliopita nilitoa shilingi 50,000 kuhudhuria semina ya mbinu za kusoma kwa wanafunzi wa chuo. Kwa hela hiyo pale Wandegeya ningekula rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) mpaka nizichukie, na muuza rolex hajawahi kunidhalilisha mbele ya watu.

Mwezeshaji aligawa ratiba: kujisomea saa mbili usiku mpaka saa tano, kila siku. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote: hosteli yetu Kikoni umeme hukatika saa hizo hizo, sasa hii naifuataje? Jamaa akanipandisha akanishusha, akasogeza maikrofoni mdomoni: "Nyabo, wewe mwakani tutakukuta unarudia mitihani." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata kijana aliyekuwa akigawa soda. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.

Na ndilo lilikuwa swali lenyewe! Nani kati yetu hataki kufaulu? Nia tunazo tele, tunakwama kwenye kutenda. Nilikuja kusoma baadaye maktaba kwamba mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika tangu 1991: mtu akiona jambo liko nje ya uwezo wake, hata nia yenyewe hulegea. Mwanasaikolojia mwingine, Peter Gollwitzer, naye 1999 akaeleza faida ya kupanga mapema kwamba likitokea hili, nitafanya lile. Yaani umeme ukikatika, nabeba daftari naenda maktaba. Sentensi moja tu, ingemtosha kunijibu! Yeye akatusimamisha tuape kwa sauti kuwa tutafaulu. Tukaapa. Wiki haikuisha, ratiba yake chumbani kwetu imekuwa ya kuwekea sufuria ya maharage.

Sasa niseme ukweli, ingawa unaniuma. Msaidizi wake, dada mmoja mpole, alipewa dakika chache za mwisho. Akatuonyesha kufunga kitabu na kujiuliza maswali badala ya kupaka rangi kila mstari, halafu kuyarudia baada ya siku kadhaa. Hilo linafanya kazi. Ninalitumia, na alama zangu zimepanda. Kwa hiyo siwezi kusema ni wizi mtupu. Nyota tatu, basi.

Hapana, ngoja. Nikikumbuka kile kicheko, mbili. Na juzi nimesikia wamepandisha ada. Moja! Ukilazimika kwenda, ingia zamu ya yule dada, kabla ya hapo kaa nje unywe soda yako.