Hedifoni ya waya iliyookoa madarasa yangu ya Zoom: uzoefu wangu na Logitech H390

Kama kazi yako inategemea kusikika vizuri kwenye Zoom au Google Meet, nunua hedifoni ya waya ya USB kabla hujafikiria kubadilisha laptopu. Mimi natumia Logitech H390 na nimeridhika nayo kabisa. Nitaeleza pia yale ambayo hedifoni haiwezi kuyatatua, kwa sababu sauti mbovu ina vyanzo vingi na kila chanzo kina dawa yake.

Nafundisha Kiswahili jioni nikiwa Kireka, nje kidogo ya Kampala. Wanafunzi wangu ni watu wazima: walimu wa shule za msingi, wafanyakazi wa ofisi, na wengine wananisikiliza kutoka Gulu na Mbarara. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wengi wao wanajifunza kwa sababu ya kazi, na wanalipa kwa jasho lao. Mwanafunzi asiposikia tofauti ya dhana na zana, au ya thamani na samani, hapo hakuna somo, hata slaidi ziwe nzuri namna gani.

Nilikuwa nikifundisha kwa erfoni ndogo za Bluetooth. Muziki ulitoka safi, ila darasa likianza tu kila kitu kilififia, na wanafunzi wakawa wananiambia, "Mwalimu, unasikika kama umeingia ndani ya debe." Upande wangu nao sauti zao zilikuja nyembamba, zenye mkwaruzo, herufi s zote zimeliwa.

Duka moja la katikati ya mji likaniambia ubao wa laptopu umekufa na unahitaji kubadilishwa. Sikukubali. Nikampelekea fundi kijana aliyekulia Bombo, anayezungumza Kiswahili bila kusitasita, naye hakufungua hata skrubu moja. "Mwalimu, kwanza tujue sauti inaharibikia wapi," akasema. "Usitoe pesa kabla hatujajua."

Namna alivyopima ndiyo ninayowafundisha watu sasa. Zima intaneti, rekodi sauti yako kwa programu ya kurekodi iliyomo kwenye kompyuta, kisha isikilize. Ikiwa imepasuka tayari, mtandao hauhusiki, tatizo ni maikrofoni au mipangilio yake. Ikiwa safi, cheza wimbo uliohifadhiwa kwenye laptopu yenyewe. Wimbo ukikwaruza, tazama spika, draiva (programu inayoendesha kifaa cha sauti) na mzigo wa kompyuta. Vyote viwili vikiwa sawa, washa intaneti na uingie kwenye mkutano wa majaribio wa Zoom, zoom.us/test, ambapo unasikia sauti yako mwenyewe bila kumsumbua mtu. Kisha rudia yote bila Bluetooth. Kwangu, erfoni zilipozimwa, sauti ya debe iliondoka papo hapo.

Sababu yake inaeleweka ukielezwa, na nasikitika kwamba wauzaji wengi hawaisemi. Bluetooth ina njia zaidi ya moja ya kubeba sauti. Unaposikiliza muziki hutumika njia ya A2DP, inayopeleka sauti upande mmoja tu, kwa ubora mzuri. Maikrofoni ya erfoni ikifunguliwa, laptopu nyingi huhamia njia ya HFP, ile iliyoundwa kwa ajili ya simu, kwa kuwa sasa sauti inapaswa kwenda na kurudi katika nafasi finyu. Sampuli, yaani mara ngapi sauti inapimwa kila sekunde, hushuka hadi kHz 16 (mara 16,000), na kwenye vifaa vya zamani hadi kHz 8. Sampuli za kHz 8 haziwezi kubeba mlio wowote ulio juu ya kHz 4, na sehemu kubwa ya s, f na th iko huko juu. Yaani erfoni ni nzima, laptopu ni nzima, lakini njia ni nyembamba. Vifaa vipya vya LE Audio, aina mpya ya sauti ya Bluetooth, vinapunguza tatizo hili, ila sharti laptopu na erfoni zote mbili ziwe na uwezo huo.

Ndipo nikanunua H390. Ni hedifoni ya kawaida ya kichwani, ina mkono wa maikrofoni unaozunguka, na kwenye waya kuna vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti pamoja na cha kunyamazisha maikrofoni. Hicho cha kunyamazisha nakitumia kila siku, boda inapopita na honi yake mimi nakibonyeza tu, sihangaiki na kipanya. Waya una urefu wa karibu mita 1.9, unatosha kuegemea kiti na kugeukia ubao.

Faida kubwa ni hiyo USB. Hedifoni ya USB yenyewe ndiyo inayogeuza sauti kuwa data ya kompyuta na kuirudisha kuwa sauti, haitegemei kadi ya sauti ya laptopu wala tundu la pini ya milimita 3.5. Tundu hilo kwangu lilikuwa na mngurumo kila nilipochomeka chaja, na hadi leo linanguruma, ila silitumii tena.

Lakini ukiichomeka tu na kuanza kuongea unaweza kukata tamaa bure. Zoom inaweza kuendelea kutumia maikrofoni ya laptopu huku wewe umevaa hedifoni, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya sauti na uichague mara mbili: upande wa spika na upande wa maikrofoni. Halafu shusha kiwango cha maikrofoni. Kikiwa juu kabisa, sauti yako hupasuka kila unapopaza, na hakuna programu itakayoirudisha ikishapasuka. Kwangu karibu 70 kwenye Windows inatosha, na nimeondoa alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu Zoom kupandisha na kushusha kiwango yenyewe. Maikrofoni iweke pembeni ya mdomo, isiwe mbele yake, pumzi za p na b zisiigonge. Na ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, yangu ilitoa vimilio vya kukatikakatika.

Mkwaruzo ukibaki hata baada ya hapo, fungua sifa za kifaa hicho kwenye Windows na uzime maboresho ya sauti. Angalia pia kiwango cha sampuli: kama kifaa kimoja kiko kHz 44.1 na kingine kHz 48, viweke sawa. Kwenye laptopu ya rafiki yangu wa Ntinda hatua hiyo peke yake ilimaliza vimilio, wala hakuhitaji hedifoni mpya.

Kuna jambo la mvua ambalo sijaona likitajwa, na sisi tunaokaa chini ya mabati tunalijua vizuri. Mvua kubwa ikianza, kipunguza kelele cha Zoom hufanya kazi kupita kiasi. Kinaondoa mvua na kuondoka na mianzo ya maneno yako pia. Wanafunzi husikia "…toto" badala ya "mtoto", na wakati wa mazoezi ya ngeli hilo ni janga, maana kiambishi ndicho somo lenyewe. Nimekishusha hadi kiwango cha chini, na maikrofoni ya H390 kwa kuwa iko karibu na mdomo inaipokea sauti yangu kwa nguvu kuliko mvua. Wanafunzi wanasikia mvua kidogo, lakini wanasikia kiambishi chote. Afadhali hivyo.

Sasa yale ambayo hedifoni haiyagusi. Sauti ikikatika, ikarudi ya kiroboti, kisha maneno yakaja kwa mkupuo, huo ni mtandao: vipande vya sauti vinapotea njiani au vinafika vimechelewa. Hapo zima kamera. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba sauti peke yake inahitaji kati ya kbps 60 na 80 tu, wakati video ya 720p ya watu wawili inadai Mbps 1.2 hivi, yaani kbps 1,200. Kwa bando la simu tofauti hiyo ni kubwa mno. Mimi huwasalimu wanafunzi kwa kamera, kisha naifunga tunapoanza matamshi. Kusogea karibu na ruta, au kuhamia masafa ya GHz 5 kama ruta inayo, kunasaidia pia. Na wanaotumia Bluetooth wajue kwamba inashiriki masafa ya GHz 2.4 na Wi-Fi ya kawaida, hivyo viwili hivyo vinaweza kusumbuana.

Umeme nao una mkono wake. Ukikatika, laptopu huhamia betri na inaweza kupunguza kasi ili kuokoa chaji, na kompyuta iliyokwisha kulemewa huanza kutoa sauti yenye vipasuko. Ondoa mandhari bandia nyuma yako, funga vichupo vya kivinjari usivyovihitaji, na uchague hali ya umeme isiyobana kasi. Mandhari hayo bandia hula nguvu nyingi ya kichakataji kwa faida ndogo sana, na mwanafunzi wako atakusamehe ukuta wenye nyufa kuliko sauti yenye nyufa.

Mwangwi pia si kosa la maikrofoni yako. Ukisikia maneno yako yakikurudia, kwa kawaida kuna mtu mwingine kwenye mkutano anayetumia spika wazi. Mwombe avae erfoni yoyote ile, hata ya bei ndogo ya waya.

H390 haimfai kila mtu. Anayetaka kutembea huku akizungumza, waya utamfunga. Baada ya vipindi viwili mfululizo masikio yangu huomba kupumzika, kama ilivyo kwa hedifoni yoyote inayokaa juu ya sikio. Bei hutofautiana duka hadi duka, kwa hiyo ulizia sehemu kadhaa, na uombe kuijaribu kwenye laptopu yako mwenyewe kabla ya kulipa: rekodi sentensi yenye s, z, th na dh, uisikilize hapohapo kaunta. Yangu ina plagi ya USB-A, mwenye laptopu yenye matundu ya USB-C pekee atafute adapta siku hiyohiyo ya kununua.