Mashine ya kuchapia picha kutoka kwa mafundi wa Unga Limited: uzoefu wangu

Kwa mnaouliza kama lazima mashine ya kuchapia picha iagizwe nje: yangu, ya kushindilia karatasi juu ya picha iliyochongwa (si ya fotografia), nimetengenezewa Unga Limited, hapa hapa Arusha, na sijutii.

Studio yetu ipo Njiro. Tunachonga lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni) na mbao, na wachache wanakwaruza picha kwa sindano kwenye bati la shaba. Lino haina makuu. Hata mgongo wa kijiko unatosha kusugulia karatasi. Shaba ni habari nyingine. Wino unakaa ndani ya mikwaruzo, na karatasi yenye unyevu lazima ishindiliwe mpaka iuchote humo. Bila rola mbili nzito utaambulia kivuli cha picha.

Kwa hiyo nilichokazania kwa fundi ni rola. Rola ya bomba jembamba ikibanwa inapinda, picha inakolea pembeni na kufifia katikati. Tukakubaliana bomba nene lililokerezwa, beringi pande zote, na gia, ili hata binti wa sekondari azungushe usukani bila kukamia. Kitanda, kinachobeba bati na karatasi kupita kati ya rola, ni bamba la chuma la milimita 12, sentimita 60 kwa 120. Hilo peke yake lina karibu kilo 68, mnaokaa ghorofani mjipange.

Kabla ya kumalizia malipo nilipitisha vipande vya karatasi chini ya rola, kulia, kushoto na katikati, nikakaza skrubu, nikavuta kimoja kimoja. Cha kushoto kikachomoka kama hakijabanwa. Fundi akakaza upande huo, tukarudia mpaka vyote vikagoma. Kingechomoka cha katikati tu, ningeikataa rola yenyewe, maana hiyo haina dawa ya skrubu. Fanya jaribio hili hata fundi akinuna (wangu alinuna).

Kinachouma ni blanketi za kuweka kati ya rola na karatasi. Inatakiwa sufu iliyoshindiliwa, laini na yenye kurudi ikibonyezwa, na mjini sikuipata. Nikaagiza nje kwa bei ya kukera. Shuka la Kimasai msidanganyike nalo, ufumaji wake unajichapa kwenye karatasi. Fungu la blanketi litengeni mapema, kabla hata ya kumwona fundi.

Kama studio yako ni ya lino tu, hela ya mashine inunulie wino na karatasi nzuri.