Uzoefu wangu na printa ya katriji: kosa si la mashine

Nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za mashine. Nazungumzia printa ya wino ya nyumbani, ile ya tatu kwa moja: inachapa, inaskani, inatoa kopi. Katriji ni 4: nyeusi, samawati, magenta na njano. Inavuta karatasi bila kukwama, herufi zinatoka kali, na skana inasoma hata maandishi hafifu ya penseli. Waliounda kifaa hiki wanaijua kazi yao. Kinachoudhi ni yale yaliyoamuliwa na watu wa mauzo.

Ndiyo maana kila inapogoma najiuliza: hapa kuna sababu ya kiufundi, au kuna mtu anataka ninunue wino? Sababu za aina zote mbili zipo, na ukizichanganya utailaumu mashine bure.

Tuanze na katriji zinazokuja ndani ya boksi. Kwa kawaida huwa na wino pungufu kuliko zinazouzwa peke yake, na siku ya kwanza sehemu ya wino huo huishia kujaza njia na kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye matundu madogo yanayorusha wino kwenye karatasi. Kujaza kichwa ni lazima, kwa sababu kikiwa na hewa hakitoi kitu. Upungufu wa wino kwenye katriji, huo ni wa mauzo tu.

Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 24711: kurasa maalumu za majaribio zinachapwa mfululizo mpaka wino uishe. Nyumbani hakuna anayechapa hivyo. Ni kurasa 3 leo na 2 wiki ijayo, na katikati printa inajisafisha kwa kufyonza wino kupitia matundu ya kichwa na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani. Wino huo umeulipia na haufiki kwenye karatasi. Usafishaji wenyewe ni wa haki, maana wino ukikauka matundu yanaziba. Ila usiuanzishe kwa mazoea. Chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu. Mistari ikiwa mizima, acha. Ikiwa imekatika, safisha mara 1 au 2, kisha iache printa ipumzike saa kadhaa kabla ya kujaribu tena. Na uizime kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke.

Ujumbe wa "wino umeisha" usiuamini hivi hivi. Katika modeli nyingi chipu ya katriji, kile kipande kidogo cha kielektroniki kilichobandikwa juu yake, inahesabu matone tu, haiuoni wino. Chukua mizani ndogo inayosoma gramu 0.1, pima katriji ikiwa mpya, kisha ipime printa inapoikataa. Mililita 1 ya wino ina uzito wa takriban gramu 1, hivyo tofauti inakuambia umetumia kiasi gani, na ukiilinganisha na mililita zilizoandikwa kwenye lebo unajua kilichobaki. Akiba kidogo inakubalika, kwa sababu hewa ikiingia kwenye kichwa kisichobadilishika unaweza kukiharibu. Ninachokipinga ni kufichwa kwa kiasi hicho.

Lakini skani kukataliwa kwa sababu wino umeisha! Skana ni taa, kioo na kihisi. Haihitaji hata tone moja. Hapa sioni sababu yoyote ya kiufundi. Hapa sioni sababu yoyote ya kiufundi.

Ubaya mkubwa zaidi unakuja kwa masasisho. Katriji ya kampuni nyingine inafanya kazi vizuri kwa miezi, kisha programu ya ndani ya printa inajisasisha kupitia intaneti, na asubuhi katriji ile ile, yenye wino ule ule, inaitwa "haitambuliki". Kilichobadilika ni maswali ambayo printa inaiuliza chipu. Kurudisha toleo la zamani mara nyingi hakuwezekani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi tena kutumia hataza (haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi) kumzuia mtu kuijaza na kuiuza upya. Uamuzi ule ulikuwa wa hataza. Haukugusa chipu, na chipu haiendi mahakamani: inakataa papo hapo.

Kinga inawekwa siku ya kwanza. Kwenye menyu ya printa tafuta matengenezo au masasisho, zima kusasisha kiotomatiki, na ukatae pia programu ya kwenye kompyuta inapokuomba ruhusa. Kinga imara zaidi ni kuipa printa anwani ya IP ya kudumu (namba inayoitambulisha kwenye mtandao wa nyumbani) na kuifungia njia ya kutoka nje kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kompyuta na simu za ndani zitaendelea kuitumia kuchapa kama kawaida. Kitakachokatika ni mawasiliano yake na kampuni. Kama umejiunga na mpango wa wino wa kulipia kila mwezi, hilo halitawezekana, kwani mpango unahitaji intaneti. Mipango hiyo soma masharti yake neno kwa neno: hesabu ni ya kurasa, kwa hiyo ukurasa wenye mstari mmoja ni sawa na picha iliyojaa, na ukijiondoa katriji za mpango zinafungwa kwa mbali hata zikiwa na wino.

Mpangilio mmoja unaookoa wino wa rangi: chagua rangi ya kijivu pamoja na "wino mweusi pekee", na aina ya karatasi iwe ya kawaida. Ukiacha imeandikwa karatasi ya picha, printa nyingi hutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi, kwa kuwa wino mweusi wa pigimenti (wenye chembe ndogo za rangi) haushiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa.

Halafu kuna ile sponji. Printa inahesabu wino uliomwagwa humo, na hesabu ikifika kikomo inasimama kabisa. Kikomo kina maana, wino ukifurika utaharibu meza. Ila sponji yenyewe ni kitu rahisi, na katika modeli hii imefungiwa mahali ambapo mtumiaji hafiki.

Ijayo nitachukua ya tangi, ile inayojazwa wino kwa chupa. Chupa moja ya rangi huwa na takriban mililita 70, dhidi ya mililita chache za katriji ndogo, na chupa nyingi hazina chipu. Lakini nayo inajisafisha na kumwaga wino, kwa hiyo kabla ya kulipa nitafungua mwongozo wake sehemu ya vipuri. Kisanduku cha wino taka, yaani kile chenye sponji, kikiwa kimeorodheshwa humo kama kitu cha kubadilishwa na mtumiaji, nanunua. Kisipokuwepo, naiacha hapo hapo dukani.