Shilingi Elfu Moja ya Kucha: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu anayeingia katika maduka ya vipodozi ya Digo Road hapa Mombasa, au anayesimama mbele ya meza za wachuuzi wa Mwembe Tayari, hupokewa kwanza na rangi. Chupa ndogo zimepangwa safu kwa safu kuanzia nyekundu ya damu ya mzee hadi buluu ya bahari, na kwa kuwa macho hutangulia, pesa nazo huishia hapo hapo. Nilitenga shilingi 1,000, nikanunua vitu vya kucha vya bei ya chini, nikavijaribu nyumbani kwa wiki sita, kila kidole na chake, huku nikiendelea kufua, kuosha vyombo na kukuna nazi kama kawaida. Nimevipanga kwa kipimo kimoja tu: kila shilingi imenifanyia kazi siku ngapi kabla ya kitu kuisha, kubanduka au kuharibika.

Nafasi ya kwanza naipa tupa ya kioo. Ukucha ni tabaka nyembamba za keratini, protini ngumu ya kucha na nywele, zilizoshikamana, na tupa yenye chenga kubwa huzichanua pale nchani, kisha ukucha huanza kubanduka kidogo kidogo hata kama haujapakwa chochote. Ile ya karatasi ya msasa, ambayo ndiyo wengi tunayoinunua kwa sababu ni ya bei ya mandazi, ilikwisha makali katika wiki ya pili, na nilipoiosha ikavimba na kujikunja. Kwa unyevu wa Mombasa haikukauka vizuri hata baada ya siku nzima dirishani. Ya kioo huoshwa kwa sabuni, jambo lenye uzito katika nyumba yenye dada watatu wanaoazimana kila kitu, kwa maana fangasi wa kucha huweza kuhama na kifaa. Yangu ilianguka kwenye sakafu ya bafu ikakatika ncha, na bado inafanya kazi. Dukani, ikwaruze kwa ukingo wa sarafu: ikitoa unga au ikiacha mahali peupe, ujue chenga zake zimepakwa juu tu na zitaisha, tupa nzuri ina mkwaruzo uliochongwa katika kioo chenyewe. Ukiitumia, vuta upande mmoja, usisugue kwenda na kurudi kama anayepiga msumeno.

Ya pili ni mafuta ya nazi, ambayo pengine yako jikoni tayari. Hayaufanyi ukucha kuwa mgumu, na yeyote anayekuuzia kichupa kwa ahadi hiyo anakuuzia maneno. Kazi yake ni kuzuia ngozi ya mzizi wa ukucha isikauke na kuchanika baada ya sabuni ya kufulia. Matone mawili usiku yanatosha.

Ya tatu ni mpako wa chini, ule usio na rangi unaotangulia. Nilipaka nyekundu ile ile kwenye vidole viwili, kimoja kikiwa na mpako huu na kingine bila, nikaitoa baada ya siku saba. Cha kwanza kilirudi kama kilivyokuwa. Cha pili kilibaki na manjano kama kilichoshika mchuzi wa bizari. Ukucha wa mkono hukua milimita tatu hivi kwa mwezi, kwa hiyo doa la namna hiyo mtu huishi nalo miezi kadhaa, na la mguuni hukaa muda mrefu zaidi kwa kuwa kucha za miguu hukua polepole.

Sasa hina, ambayo ningeiweka ya kwanza kama swali lingekuwa rangi peke yake. Kiini chake cha rangi hushikana na keratini yenyewe badala ya kukaa juu yake, ndiyo maana haibanduki, haitoki kwa asetoni ya kutolea rangi ya kucha, na huondoka tu kadiri ukucha unavyokua. Kwa anayeswali kuna faida nyingine isiyohitaji kuelezwa hapa pwani: hina haizuii maji ya udhu kufika kwenye ukucha, ilhali rangi ya chupa hufanya utando. Zipo chupa zinazodai kupitisha maji. Hukumu yake muulize sheikh wako, si muuza duka. Pakiti moja ya unga kutoka Marikiti ilinitosha kucha zote ishirini na ikabaki. Unga mzuri una rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya majani makavu, na huhitaji saa kadhaa ili ukolee. Ukiambiwa kwamba hina ni nyeusi na inashika kwa dakika chache, iache, kwa kuwa weusi huo kwa kawaida hutokana na kemikali ya kutia nywele rangi, ile ile inayotiwa kwenye piko, rangi nyeusi ya kuchorea mwili, ambayo huwatoa baadhi ya watu malengelenge. Kasoro ya hina ni kwamba huwezi kubadili nia: ukishapaka, umepaka.

Rangi ya chupa, ambayo wengi wetu huiita kuteksi kutokana na jina la kampuni ya Marekani, inakuja ya tano. Chupa nne za bei ya chini zilitofautiana kidogo sana katika kung'aa na sana katika kudumu, na mtihani wa kweli ulikuwa mbuzi ya kukunia nazi: vifuu viwili tu, na chupa mbili kati ya nne zilikuwa zimeng'oka nchani. Iliyoshinda haikuwa ya bei kubwa kuliko zote, bali ndiyo iliyokaa kivulini dukani. Viyeyushi vya rangi hii huruka kwa joto, kwa hiyo chupa iliyoanikwa juani huwa nzito kama asali na hukauka kwa mabonge. Kabla ya kulipa, ipindue: kipovu cha hewa kikipanda upesi, rangi ni hai, kikijivuta, rudisha. Tazama pia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na jina la mtengenezaji. Mipako miwili myembamba, ikipishana kwa dakika chache, hushinda mmoja mnene.

Dawa ya kuitolea rangi hii, nunua iliyofungwa na yenye lebo. Mimi nilipimiwa asetoni kutoka dumu katika duka moja, nikapata kucha nyeupe zilizokauka kama chaki kwa siku nne. Usiifungue karibu na jiko linalowaka. Mvuke wake hushika moto haraka.

Dawa za kukazia kucha zenye fomaldehidi naziweka karibu na mkia. Mwanzoni ukucha huwa mgumu kweli, na ndipo mtu huzisifu. Akiendelea kupaka, ugumu huo hugeuka ukavu, na ukucha huvunjika kama kaukau. Kucha za kubandika kwa gundi zinafaa harusi ya siku moja, mradi uziloweke katika maji ya vuguvugu wakati wa kuzitoa badala ya kuzing'oa.

Ya mwisho kabisa ni seti ya jeli yenye taa ndogo, ambayo ingemeza bajeti yangu yote na ambayo sikuinunua. Jeli isiyokauka vyema chini ya taa dhaifu, ikigusa ngozi mara kwa mara, inaweza kuleta mzio wa akrileti, kemikali zinazoifanya jeli iwe ngumu, na mzio huo hauishi maishani, na akrileti hizo hutumika pia katika vifaa vya daktari wa meno. Umoja wa Ulaya umeruhusu kemikali moja ya kundi hilo, HEMA, itumike kwenye kucha na mafundi waliofunzwa tu. Anayeitaka jeli, basi, ampelekee fundi mikono yake, na aende na tupa yake ya kioo mkobani.