TAHADHARI: "Wakala" wa bima ya nyumba anayezunguka maghorofa ya Upanga

Siku kumi nimenyamaza kwa aibu. Mimi ninayewasema watu ofisini kwa kulipa bila risiti, nimepigwa laki tatu na nusu sebuleni kwangu, na chai nikampa.

Ya bomba la ghorofa ya nne lililovuja maji yakatushukia wa chini mnayajua, sirudii. Huyu kijana alikuja Jumamosi moja kabla ya hapo, baada ya ule mkutano wa wamiliki uliovunjika kwa makelele. "Dada, bima mnayolipa kupitia umoja wa wamiliki ni ya jengo. Kuta, paa, ngazi, lifti. Kochi na tivii yako nani atalipa?" Na ni kweli! Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo ndivyo ilivyotugawa: sehemu yangu ni yangu, ngazi na paa ni vyetu sote, na bima ya umoja haigusi vyombo vya mtu. Sasa mtu anakueleza ukweli ambao mwenyekiti wenu ameshindwa kuueleza mwaka mzima, utamshuku vipi?

Akatoa futi, akapima makabati ya jikoni. Akalala chali chini ya sinki, na shati lake jeupe, akimulika kwa simu. Akaandika: "Unyevu: hakuna." Akakuta nati imelegea, akaikaza kwa mkono. Jamani, mwizi gani anakukazia sinki?

Ukilipa leo 350,000, Jumatatu 480,000. Namba ya kutuma ikaja na jina la mwanamke. "Mhasibu wetu huyo, dada." Nikaweka namba ya siri. Kavanoti, hati ya kuonyesha una bima, ikaingia WhatsApp chai haijapoa, ina mhuri na kila kitu.

Maji yaliposhuka, jipsamu ikaangukia kochi. Napiga simu, haipatikani. Nikaenda kwenye kampuni iliyoandikwa kwenye kavanoti. Binti wa kaunta akaingiza namba, akanyamaza, akanigeuzia kioo cha kompyuta: bima ya pikipiki. Ya mtu wa Morogoro! Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka.

Afungwe huyu. RB ya polisi ninayo. Na kabla ya kufungwa alazwe chini ya bomba linalovuja, na huyo "mhasibu" wake pembeni, mpaka watapike hela za watu. Mlinzi aliyempitisha getini bila kuandika kitabu naye ana kesi na mimi.

Ah, na kavanoti: inahakikiwa bure kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni, unaingiza namba tu. Sikufanya. Hela ilikwenda kwa mtu, si kampuni. Risiti ya EFD hakuna, VAT haikutajwa popote. Wala hakuniuliza kochi nilinunua bei gani, nimelikumbuka hilo jana usiku.

Ana begi la kijani, anaongea taratibu, anavua viatu mlangoni. Akibisha hodi kwako mkaribishe, mpe chai. Halafu nipigie.